Kinanda Kibovu cha Ghala la Kusini

Mwaka 1947 Wang Shixiang alikuwa na umri wa miaka 33 na kazi ambayo wengi wangeiona ya kuchosha: kupita chumba hadi chumba katika kasri la kale la Beijing, daftari mkononi, akihesabu mali. Wafalme walikuwa wameshaondoka. Wa mwisho wao, Puyi, alitolewa mwaka 1924, na tarehe 10 Oktoba mwaka uliofuata kasri likafunguliwa kuwa jumba la makumbusho. Lakini kasri la ukubwa ule halihesabiki kwa siku moja, wala kwa miaka 20. Katika ghala la kusini la Ukumbi wa Yangxin, ambako paa lilikuwa limevuja misimu mingi bila mtu kupanda kuliziba, Wang alikuta ubao mrefu, kama sentimita 120 hivi, umegandiwa na tope la maji ya mvua hadi ukawa wa kijivu. Waliotangulia walikuwa wameupita wakiuona mti mbovu.

Wang hakuupita. Alikuwa ameoa mpiga guqin, ala ya nyuzi ya China, na mtu aliyeishi na ala hiyo nyumbani hulitambua umbo lake hata likiwa ndani ya tope. Upande wa nyuma ulikuwa na matundu mawili ya kutolea sauti, na juu yake jina lililochongwa: Dasheng Yiyin, yaani sauti aliyoiacha mwenye hekima mkuu. Ndani ya tundu kulikuwa na tarehe. Ukiihesabu kwa kalenda yetu, ni mwaka 756.

Huo haukuwa mwaka wa muziki huko China. Jemadari An Lushan alikuwa ameasi, jeshi lake likauteka mji mkuu wa Chang'an, mfalme Xuanzong akakimbilia Sichuan, na mwanawe akajitawaza huko Lingwu, kaskazini, akaanzisha zama mpya na kuziita Zhide. Jina la zama hizo ndilo lililoandikwa tumboni mwa ala ile. Maana yake, wakati watu walipokuwa wakikimbia na watoto mgongoni, mahali fulani fundi alikuwa amekaa akipaka laka na kungoja ikauke. Laka haiharakishwi. Ni utomvu wa mti ulio wa ukoo mmoja na mkorosho, na kama ilivyo mafuta ya ganda la korosho, ikiwa mbichi huichoma ngozi hadi ikaumuka. Tena haikauki juani. Hutaka hewa yenye unyevu, tabaka moja baada ya jingine, kwa miezi.

Mwaka huohuo wa 756, ng'ambo ya bahari huko Nara, Japani, Komyo, mjane wa mfalme Shomu, alifikisha siku ya 49 ya kifo cha mumewe. Alivitoa vitu vya marehemu kwa hekalu la Todaiji, vikaandikwa kimoja kimoja na kuwekwa katika ghala la mbao liitwalo Shosoin. Humo mna ala ya nyuzi tano iliyonakshiwa kwa lulumizi, na sehemu inayopigwa na kipande cha kukwaruzia ina picha ya mtu juu ya ngamia akipiga muziki. Ni ya pekee iliyosalia duniani ya aina yake. Tangu iingie ghalani haijapangwa dukani wala kupita mnadani. Wajapani waliifungia, wakaifungua kwa taratibu zao, na hadi leo baadhi ya vitu vya Shosoin huonyeshwa Nara kila msimu wa vuli.

Hiyo ni njia moja ya kutunza kitu. Guqin za mwaka 756 zilipita njia nyingine, ya mikono ya watu, vita, madeni na mapaa yanayovuja. Nasema guqin kwa wingi kwa sababu ile ya ghalani ilikuwa na pacha, yenye jina hilohilo na tarehe hiyohiyo, nje ya kuta za kasri. Tutaifikia.

Msomaji wa Zanzibar au Mombasa anayeijua qanuni ya taarabu hahitaji maelezo marefu. Guqin nayo hulazwa, nayo huchezwa kwa kudonolewa, lakini ina nyuzi saba tu, na zamani zote zilikuwa za hariri. Haina vigingi vya kugawa sauti; kuna vitufe 13 vya kome au dhahabu vilivyozamishwa kwenye laka pembezoni, kama alama za rula, na kidole cha kushoto huteleza juu ya laka tupu kutafuta mahali. Juu ni ubao mwepesi wa mti wanaouita tong, chini ni mti mgumu zaidi. Kati ya mbao na laka ya nje hupakwa lipu ya laka iliyochanganywa na unga wa pembe za paa. Sauti yake ni ndogo. Ukipiga katika harusi ya Kiswahili hata bibi harusi hatakusikia. Ilikuwa ala ya msomi chumbani, na rafiki mmoja wa kusikiliza, akiwepo.

Kwa hiyo anayenunua guqin ya kale hununua kitu kigumu kukieleza. Hanunui dhahabu, kwani hakuna. Hanunui vito. Kwa macho ya mgeni ni ubao mweusi. Hununua, kwanza kabisa, nyufa.

Laka inayovutwa na nyuzi na kutetemeshwa kwa mamia ya miaka hupasuka, na mipasuko hiyo ina majina: tumbo la nyoka, ambayo ni mistari mipana inayokatiza mwili wa ala, manyoya ya ng'ombe, mistari myembamba iliyosongamana, barafu iliyopasuka, na iliyo adimu kuliko zote, ua la mplamu, vijiduara vinavyofanana na petali. Zhao Xigu, mwandishi wa zama za Song ya Kusini aliyekuwa wa ukoo wa kifalme, aliandika mwongozo kwa wapenzi wa vitu vya kale, na humo akasema guqin haipasuki mpaka itimize miaka 500. Mafundi wa leo watakwambia inategemea laka, hali ya hewa na jinsi ilivyopigwa. Lakini Zhao alijua soko lake, kwa sababu baada tu ya kusema hivyo alieleza jinsi matapeli walivyoipata miaka 500 kwa usiku mmoja. Wakati wa baridi waliibanika guqin kwa moto mkali, kisha wakaifukia katika theluji. Laka iliyopata moto ikakutana na baridi ghafla, ikapasuka. Wengine walipaka laka juu ya karatasi nyembamba ili karatasi ikikatika ilete ufa. Wavivu walichora kwa kisu.

Aliyepita katika maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe, akaonyeshwa kasha la zama za Sayyid Said ambalo misumari yake ya shaba bado inanukia msasa, atamwelewa Zhao bila tafsiri. Dawa yake ilikuwa kupapasa: ufa wa kweli una ncha kali kama makali ya upanga, wa bandia hauna. Karne nane zimepita na bado wanunuzi hupitisha kidole juu ya laka, macho wameyafumba, kabla ya kuuliza bei.

Mkusanyaji aliyewapita wote alikuwa mfalme. Huizong wa Song alitawala tangu mwaka 1100, na kama utawala ungepimwa kwa mkono wa kalamu na brashi asingekuwa na mpinzani. Alichora ndege, alibuni mwandiko wake mwenyewe, aliagiza mawe ya bustani kutoka kusini, na guqin akazikusanya katika jumba lililopewa jina la Ukumbi wa Guqin Elfu Kumi. Mojawapo ilikuwa Chunlei, Radi ya Masika, kazi ya mafundi wa ukoo wa Lei wa Sichuan, ambao kwa zama za Tang walikuwa na sifa ambayo kwa wapiga fidla wa Ulaya wanayo mafundi wa Cremona. Mwaka 1127 Wajin walitoka kaskazini wakaichukua hazina na mfalme mwenyewe. Huizong alikufa uhamishoni mwaka 1135. Chunlei, kwa jinsi inavyosimuliwa, iliingia katika hazina ya Wajin, mfalme wao mmoja akazikwa nayo, na baada ya miaka 18 ikatoka kaburini na kurudi duniani. Siwezi kumwapia mtu kwamba ilikuwa hivyo. Ila nimeona kuwa kila ala ya aina hii ina hadithi ya kupotea na kuonekana tena, na wauzaji hawajawahi kuizuia hadithi ya namna hiyo isienee.

Sisi wa pwani nasi tulikuwa wateja wa China, ila hatukununua ala. Tulinunua mabakuli. Tuliyapachika katika nguzo za makaburi Kunduchi na Mambrui, uso wa bakuli ukiwa nje, na tukayatia ukutani katika nyumba za Gedi na Kilwa. Kwa mfinyanzi wa China bakuli lile lilikuwa chombo cha kulia. Kwetu likawa pambo la marehemu. Kitu kikivuka bahari hubadilika kazi, na ndivyo ilivyokuwa hata kwa ala za muziki zilipoanza kupelekwa Ulaya na Marekani kwa wingi katika karne ya 19. Mwanamke mmoja wa New York, Mary Elizabeth Brown, mwaka 1889 aliyapa Makumbusho ya Metropolitan ala zake alizokusanya pande nyingi za dunia, na akaendelea kuongeza hadi zikapita 3,000. Jumba hilohilo lina pipa ya zama za Ming, ala inayofanana na udi, iliyofunikwa mgongoni kwa vigae zaidi ya 110 vya pembe za ndovu, kila kimoja kimechongwa picha yake. Mgongoni, ambako huegemea mwili wa mpigaji! Wasikilizaji hawakuyaona machongo yale. Yalikuwa kati ya ala na mwenye ala. Leo imelazwa katika kioo, na kinachotazamwa ni mgongo.

Turudi Beijing.

Wang Shixiang hakulelewa awe mlinzi wa mali ya taifa. Alizaliwa mwaka 1914, baba yake mwanadiplomasia, mama yake mchoraji aliyesifika kwa samaki wake wa dhahabu, na ujana wake aliutumia kwa nyenje, vipanga, mbwa na njiwa. Alikuwa fundi wa kila mchezo wa mitaani wa Beijing, na hata uzeeni, mwaka 1989, aliandika kitabu kizima juu ya filimbi za njiwa. Hizo ni ala pia, tena za kipekee: kibuyu kidogo au mwanzi mwembamba, mwepesi mno, unaofungwa kwenye manyoya ya mkia. Njiwa akiruka, upepo hupita ndani, na kundi zima likizunguka juu ya mapaa anga hulia. Mafundi wake waliweka chapa zao chini ya filimbi, na wakusanyaji walizigombea kama wengine wanavyogombea stempu.

Baada ya vita na Japani kuisha mwaka 1945 kijana huyo mchezaji akapewa kazi ya kuzisaka mali za kale zilizoporwa. Alikwenda hadi Tokyo, na masanduku zaidi ya 100 ya vitabu adimu yakarudi China. Kisha akaingizwa kwenye jumba la makumbusho la kasri, na ndipo tulipomkuta, ghalani.

Mkewe, Yuan Quanyou, alikuwa mdogo kwake kwa miaka sita. Alipokuwa akipiga, mumewe alihudumia: kubeba ala, kufunga nyuzi, kutafuta meza nzuri. Alijiita mtumwa wa guqin, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha wote. Mwaka 1948, kabla Wang hajasafiri kuzitembelea makumbusho za Marekani na Kanada, walisikia kwamba pacha wa ile ya ghalani inauzwa na familia iliyokuwa imeihifadhi. Hawakuwa na fedha. Waliuza mapambo na kitabu cha thamani cha michoro kilichochapwa Japani, wakapata dhahabu kidogo, kisha wakaongeza pete tatu za kijani za jade. Pete hizo zilikuwa za mama yake Wang, aliyekwisha kufariki.

Hapo mtu anaweza kuuliza ni akili gani hiyo. Mwaka 1948, majeshi yanapigana kuelekea Beijing, noti zinapoteza thamani kati ya asubuhi na jioni, mume na mke wanatoa dhahabu na pete za urithi wapewe ubao wenye nyufa. Mimi naiona akili. Dhahabu mwaka ule ingeliwa. Guqin haikulika.

Nayo ile ya ghalani? Wang aliporudi mwaka 1949, ilipelekwa kwa Guan Pinghu. Huyu alizaliwa mwaka 1897, mtoto wa mchoraji wa kasri la Qing, na baada ya enzi ile kuanguka aliishi kwa shida, akichora na kutengeneza ala. Alijua laka kwa vidole na muziki kwa sikio, na watu wenye vyote viwili hawakuwa wengi. Tope lile hangelikwangua kwa pupa, kwani chini yake palikuwa na laka ya miaka karibu 1,200. Kazi ilimchukua miezi. Kidogo kidogo kijivu kikaondoka na rangi ya ganda la njugu ikajitokeza, na nyufa, na maandishi. Akafunga nyuzi. Ikalia.

Guan alifariki mwaka 1967. Miaka 10 baadaye vyombo viwili vya Voyager vilirushwa kwenda nje ya jua letu na sayari zake, vikiwa na sahani ya dhahabu yenye sauti za dunia, na ndani yake kuna dakika saba na ushee za Guan akipiga Liu Shui, Maji Yatiririkayo. Mtu aliyeishi kwa kubangaiza sasa anapigia nyota. Nyumbani kwake mwenyewe muziki ule ulikuwa karibu kuzimika: mwaka 1956, wataalamu watatu walipozunguka China nzima kutafuta wapigaji wa guqin, waliowakuta na kuwarekodi walikuwa 86.

Wang hakuwa tajiri, na baada ya 1949 hali ilizidi kumbana. Katika kampeni ya mwaka 1952 dhidi ya ufisadi alikamatwa kwa tuhuma ya kuiba mali ya kasri, akawekwa ndani zaidi ya miezi 10, ikaonekana hakuchukua hata kijiko, na bado akafukuzwa kazi. Alipata ajira katika taasisi ya utafiti wa muziki, alikokuwepo Guan. Mshahara ulikuwa mdogo, na samani za kale alizikusanya kwa baiskeli.

Kisa kimoja alikisimulia mwenyewe, nami nakipenda kwa sababu kinafundisha soko kuliko kitabu chochote cha bei. Huko Tongzhou, nje ya Beijing, aliona viti viwili vya zama za Ming visivyo na egemeo nyumbani kwa mwanamke mzee. Aliuliza kama vinauzwa. Mzee akasema mwanawe anataka yuan 20, lakini wapiga ngoma wametoa 15. Wapiga ngoma walikuwa wachuuzi waliopita mitaani wakigonga kingoma kidogo, wakinunua vitu vikuukuu mlangoni mwa watu. Wang akatoa yuan 20 papo hapo. Mzee akazitazama, akasema bei imetimia, ila lazima amngoje mwanawe arudi. Wang akangoja mpaka giza, mwana hakutokea, akapanda baiskeli akarudi mjini.

Siku chache baadaye, akipita mtaa wa Dongsi, akamkuta mchuuzi amekalia viti vilevile. Bei, yuan 40. Wang hakuwa na fedha mfukoni siku hiyo. Alikimbia nyumbani, akarudi, viti vikawa vimechukuliwa na watu wengine. Aliwafuata kwao. Hawakutaka kuuza. Kwa muda wa mwaka mzima aliwatembelea mara nyingi, akizungumza, akinywa chai, akitazama viti, mpaka wakakubali. Alilipa yuan 400. Mara 20 ya bei ya yule mama wa Tongzhou, na yeye mwenyewe ndiye aliyepiga hesabu hiyo na kuicheka.

Wafanyabiashara wa vitu vya kale wa Beijing wana msemo wao: kununua kwa bei ya kutupa kitu ambacho mwenyewe hajui thamani yake huitwa kuokota kilichovuja. Kila mkusanyaji huota kuokota. Wang alikuwa na jicho la kuokota kuliko yeyote, na bado aliishia kulipa yuan 400.

Mwaka 1966 Walinzi Wekundu walipoanza kuvunja vya kale nyumba kwa nyumba, alifanya jambo la werevu wa mwenye kuumia. Hakungoja waje. Alikwenda mwenyewe kwa wakubwa wa idara ya mali za kale akaomba waje wachukue vitu vyake. Vilivyochukuliwa kwa utaratibu viliandikwa, na vilivyoandikwa viliweza kurudi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Yeye aliitafutia mali yake daftari hata kwa mkono wa mnyang'anyi. Naye mwenyewe alipelekwa kambini Hubei kulima na kuchunga. Mengi yalirudishwa baadaye. Nyumba yao ya zamani ilikuwa imegawiwa familia nyingine, na mwaka 1976, tetemeko la Tangshan lilipotikisa hadi Beijing na ukuta wa chumba chao usiaminike tena, mume na mke walilala ndani ya kabati kubwa za Ming, milango ikiwa wazi, samani ambazo leo mlinzi wa makumbusho hangekuruhusu kuziegemea.

Mwaka 1985 kitabu chake cha samani za Ming kilichapishwa Hong Kong, na bei za samani hizo zikapanda duniani kote. Yeye ndiye aliyewafundisha watu kuzitazama, akawa hawezi tena kuzinunua. Mwaka 1993 samani zake 79 zilikwenda Makumbusho ya Shanghai zikiwa pamoja, kwa sharti lake kwamba zisitawanywe.

Guqin ilibaki. Ilibaki kwa sababu Yuan Quanyou alikuwa akiipiga.

Mwaka 2003 mambo yalikuja kwa pamoja, kama yanavyopenda kuja. Wawili hao walikuwa wamekubaliana kuuza vitu vyao mnadani wakiwa hai, kwa mikono yao, bila kuwaachia wengine mzigo. Mwishoni mwa Oktoba Yuan alifariki. Tarehe 7 Novemba UNESCO ilitangaza sanaa ya guqin kuwa miongoni mwa urithi bora usioshikika wa binadamu. Tarehe 26 Novemba, katika mnada wa kampuni ya China Guardian, vitu 143 vya nyumba ile vilipandishwa, na vyote vikauzwa, jumla zaidi ya yuan milioni 63. Dasheng Yiyin, iliyonunuliwa kwa pete za mama, ilikwenda kwa yuan milioni 8.91. Hakuna guqin iliyowahi kufika hapo.

Baada ya hapo bei ziliingiwa na pepo. Mwaka 2010 guqin ya zama za Huizong iitwayo Songshi Jianyi, yenye maandishi ya mfalme Qianlong aliyeimiliki karne ya 18, ilinunuliwa kwa yuan milioni 136.64. Mwaka 2011 Dasheng Yiyin ya Wang na Yuan ilirudi mnadani ikauzwa kwa yuan milioni 115, karibu mara 13 ya bei ya miaka isiyotimia minane nyuma. Walionyanyua mikono katika ukumbi ule, naamini, wengi hawakuwahi kuigusa hata uzi mmoja. Silaumu, Huizong naye hangeweza kupiga guqin elfu kumi. Ila ala ya laka isipopigwa huzubaa. Wapigaji husema sauti hulala, na guqin iliyokaa kabatini muda mrefu yahitaji miezi ya kuchezwa kila siku ndipo iamke. Pacha wake wa ghala la kusini yumo katika mikusanyo ya kasri, rangi ya njugu, nyufa zimeonekana, nyuzi zipo.

Desemba ya mwaka huohuo wa 2003 Wang alipokea tuzo kuu ya Mfuko wa Prince Claus wa Uholanzi, euro 100,000, akazitoa zote zijengewe shule ya watoto vijijini Fujian. Alikuwa na miaka 89. Waliomtembelea baadaye walisema nyumba ilikuwa tupu mahali palipokuwa na vitu, naye hakuonekana kuvitafuta kwa macho.

Kitu kimoja hakikupewa namba ya mnada. Kilikuwa kikapu cha sokoni chenye mikono miwili. Yeye na Yuan walikuwa wakienda nacho kununua mboga, wakitembea sambamba, kila mmoja ameshika mkono wake. Wang aliagiza kwamba siku yake ikifika, kikapu kiwekwe kaburini kati yao. Alifariki mwezi Novemba, mwaka 2009.